UZI: Nürburgring Nordschleife, njia ya mbio unayoweza kuingia na gari la kawaida. Yajue haya kabla hujafunga safari

#1 Mkazi wa Köln (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila tukibishana humu kuhusu magari, hakosi mtu wa kusema gari fulani limezunguka Nürburgring kwa dakika saba na kitu. Nimeona nilete uzi kuhusu njia yenyewe, kwa sababu naishi Köln, pale ni mwendo wa saa moja na kidogo, na ni mahali ninapopapenda sana. Nimekwenda kutazama, nimekaa kiti cha abiria, nimeshika usukani. Ninachoamini ni hiki: Nordschleife inataka kumbukumbu nzuri na macho kwenye kioo kuliko mguu mzito. Anayekwenda kusaka muda siku ya kwanza anaiharibu safari yake, na mara nyingine anaharibu zaidi ya safari.

Tuanze na mahali. Ni milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani, jirani na mji mdogo wa Adenau. Kuna kijiji cha Nürburg, na juu ya kilima chake kuna magofu ya ngome ya karne nyingi zilizopita. Jina la uwanja limetoka hapo. Ujenzi ulianza mwaka 1925. Eneo lilikuwa maskini, watu hawana kazi, na mkuu wa wilaya wa wakati huo, Otto Creutz, aliupigania mradi ili watu wapate vibarua. Ulifunguliwa Juni 1927 ukiwa na mzunguko wa kaskazini na wa kusini. Wa kusini haupo tena kama njia ya mbio. Wa kaskazini ndio Nordschleife: kilomita 20.832, kona 73 kwa hesabu inayotumika sana, na tofauti ya kimo kati ya bondeni na kileleni ni karibu mita 300.

Msichanganye na ule uwanja wa kisasa uliofunguliwa mwaka 1984, wenye kilomita 5 na kidogo. Formula One mliyoiangalia enzi za Michael Schumacher ilikuwa kwenye huo mpya. Mbio za saa 24 ndizo zinazounganisha mpya na wa zamani, mzunguko mmoja unafika kilomita 25 hivi.

Sasa kwa nini unaogopwa. Jackie Stewart, dereva wa Formula One, ndiye aliyeuita Jehanamu ya Kijani. Mwaka 1968 alishinda pale kwenye mvua na ukungu, akamwacha wa pili kwa dakika nne. Dakika nne, wakuu, kwenye Formula One! Mwaka 1957 Juan Manuel Fangio, akiwa na miaka 46, alisimama kubadilisha tairi na kujaza mafuta, akatoka yuko nyuma sana ya Ferrari mbili za Mike Hawthorn na Peter Collins. Akawafukuza huku akivunja rekodi ya mzunguko tena na tena mpaka akawapita wote wawili. Ulikuwa ushindi wake wa mwisho kwenye Formula One, na ndio uliompa ubingwa wa tano.

Halafu kuna tarehe 1 Agosti 1976. Niki Lauda alipoteza udhibiti wa gari kabla ya kona ya Bergwerk, likagonga ukingo, likawaka moto. Waliomtoa ni madereva wenzake: Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl. Njia ni ndefu mno, msaada haukuweza kuwa kila mahali kwa wakati. Wiki sita baadaye Lauda alirudi kwenye mbio za Monza, Italia, akiwa bado na majeraha, akamaliza wa nne. Formula One haikukimbia tena Nordschleife baada ya siku ile.

Naendelea na mzunguko wenyewe kwenye post inayofuata.

#2 Mkazi wa Köln

Unapoingia kama mwananchi wa kawaida unatokea kwenye maegesho makubwa pembeni ya mnyoosho wa Döttinger Höhe. Unaweka kadi kwenye mashine, kizuizi kinanyanyuka, unapita polepole kwenye koni, halafu njia inafunguka mbele yako. Huna muda wa kuzoea. Unapita chini ya daraja, unateremka Tiergarten, na mara uko Hatzenbach, mfululizo wa kona za kushoto na kulia ndani ya msitu. Ukiikosea ya kwanza, ya pili inakukuta umekaa vibaya, na ya tatu inakukuta vibaya zaidi.

Baada ya hapo kuna Flugplatz. Ni kilima kifupi, ukifika juu gari linakuwa jepesi kwenye tairi, na papo hapo unatakiwa kukata kulia. Halafu Schwedenkreuz, kona ya kushoto ya mwendo mkali ambayo huoni inakoishia. Hapo ndipo mtu anaanza kuelewa tatizo la Nordschleife: sehemu kubwa ya njia huioni. Iko nyuma ya kilima, au nyuma ya miti. Unaendesha kwa kile unachokikumbuka. Mliowahi kushuka mlima Kitonga mnajua ile hali ya kona kufuatana huku upande mmoja ni mlima na upande mwingine hakuna kitu. Sasa ondoeni malori, wekeni Porsche nyuma yenu.

Fuchsröhre nataka niikalie kidogo. Ni mteremko mkali wenye vikona vidogo ambavyo dereva mzoefu anavinyoosha. Chini kabisa kuna bonde, gari linabonyea mpaka shokapu zinafika mwisho, tumbo lako nalo linashuka. Kisha unapanda ghafla. Uko kwenye spidi kubwa, unajisikia vizuri, na hapo mbele inakungoja Adenauer Forst: kushoto, halafu kulia iliyobana, ya mwendo mdogo kabisa. Wageni wengi wanafika hapo wakiwa na spidi ya Fuchsröhre. Ndiyo maana watazamaji hukaa pale kuangalia magari yakinyoosha moja kwa moja kwenye majani.

Kutoka hapo unateremka hadi Breidscheid, sehemu ya chini kabisa, halafu unaanza kupanda. Kesselchen ni mwinuko mrefu ambako gari dogo linahema na magari makubwa yanakupita moja baada ya jingine. Waache wapite. Juu yake kuna Karussell, ile kona ya kushoto yenye mtaro wa zege uliolala kwa mwinamo. Unaingiza gari ndani ya mtaro, zege limeungwa vipande vipande, kila kiungo unakisikia kwenye usukani na kwenye meno. Ukitoka mapema mtaro unakurusha. Subiri mpaka uone njia imenyooka ndipo utoke.

Kisha Hohe Acht kileleni, Brünnchen, Pflanzgarten ambako gari linaruka tena, na mwisho mnyoosho wa kilomita mbili wa Döttinger Höhe. Pembeni, karibu njia nzima, kuna kingo za chuma hatua chache tu kutoka kwenye lami. Viwanja vya kisasa vina eneo pana la kokoto au lami la kukuokoa ukikosea. Hapa sehemu kubwa hakuna.

Na hali ya hewa: unaweza kuondoka pakavu, ukakuta mvua Hohe Acht. Ukiona lami imebadilika rangi mbele yako, punguza kabla hujaifikia.

#3 Mpita Njia

Mkuu uzi mzito huu, nakaa siti ya mbele. Swali: ina maana mtu yeyote tu anaingia? Hakuna leseni maalumu ya mbio? Na wakikuona Mswahili na gari la kukodi?

#4 Mkazi wa Köln

Mkuu Mpita Njia, ndiyo, mtu yeyote mwenye leseni halali ya udereva na gari linaloruhusiwa barabarani. Siku za wazi njia inahesabika kama barabara ya kulipia ya upande mmoja, na sheria za barabarani za Ujerumani zinatumika. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Pale utakuta babu na gari lake la kwenda sokoni, vijana wa Uholanzi na Ubelgiji, Waingereza waliovuka bahari na magari yao.

Sheria za kushika kichwani:

Kupita ni kushoto tu. Ukiwa wa polepole kaa kulia, na ukiona mtu anakuja nyuma kwa kasi washa indiketa ya kulia ajue umemwona. Hilo la kioo ndilo linalookoa watu. Mwenye kasi anaweza kukufikia kati ya kona moja na nyingine.

Kupima muda ni marufuku siku hizo, kushindana pia. Kurekodi video ukiwa njiani hairuhusiwi. Huruhusiwi kusimama bila dharura.

Ukiona gari lako linavuja oili au maji ya rejeta, toka pembeni upesi, usijaribu kulifikisha mwisho. Oili uliyoimwaga wewe kwenye kona ndiyo inayomwangusha wa nyuma yako. Ukishasimama, toka garini kama ni salama, vuka ukingo wa chuma, kaa nyuma yake, piga simu kwa walinzi wa njia.

Bei: miaka ya karibuni mzunguko mmoja umekuwa kama euro 30 siku za kawaida, wikendi inaongezeka kidogo. Bei na ratiba hubadilika, angalia tovuti ya uwanja kabla hujatoka nyumbani. Njia inaweza kufungwa muda wowote kwa ajali au ukungu.

Gari la kukodi ndilo linaloleta majanga. Kampuni za kawaida za uwanja wa ndege zinakataza kwenye mkataba kuingia Nordschleife. Ukiingia nalo na likakwaruzika, bima haipo, umebaki wewe na deni. Pale kijijini kuna kampuni zinazokodisha magari yaliyoandaliwa kwa ajili ya njia hii: breki nzuri, tairi nzuri, viti vinavyokushika. Chukua gari dogo. Suzuki Swift iliyoandaliwa vizuri inatosha kabisa kwa mgeni, na utajifunza njia kuliko ukikodi gari lenye nguvu usilolimudu. Soma mkataba wote, hasa kiasi unachowajibika kulipa ukigonga.

#5 Mzee wa Gereji

Kijana, umeeleza vizuri. Ila hujaongelea gharama za kugonga. Nimesikia wanakulipisha mpaka vyuma vya pembeni. Na breki je? Kilomita 20 za kupanda na kushuka, gari la kawaida linatoboa?

#6 Mkazi wa Köln

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli. Ukigonga ukingo unatozwa matengenezo yake, unalipia gari la kuvuta, na gharama za kufunga njia zinaweza kukuangukia. Huko Ulaya bima nyingi zinajiondoa kwa maandishi kwenye njia za mbio, na baadhi zinaitaja hii kwa jina. Kwa hiyo mwenye gari lake apige simu kwenye bima yake, aulize, apewe jibu la maandishi.

Kuhusu breki, wewe fundi utanielewa. Gari la nyumbani likiwa na mafuta ya breki ya zamani, ukiteremka kwa kukanyaga kila mara, pedali inaanza kulainika kabla ya Breidscheid. Mafuta yamechemka. Mzunguko mmoja wa kistaarabu gari zima linauweza. Tatizo ni kuunganisha miwili au mitatu bila kupumzika.

Ukitaka kujifunza, simama pale maegesho jioni uangalie wanaorudi. Moshi mwembamba unatoka kwenye rimu, harufu ya breki imetanda, boneti ziko wazi. Utamjua mzoefu: sehemu ya mwisho amekuja polepole ili upepo upoze diski, na akiegesha havuti hendibreki, anaacha gari kwenye gia. Diski ikiwa ya moto vile, hendibreki inabana brekipedi hapo hapo na joto lote linabaki sehemu moja. Kisha anachukua kipimo cha upepo anapima tairi zote nne, maana zikishapata moto presha imepanda, na anapunguza kidogo kabla ya kurudi. Ni dakika chache tu, lakini nimejifunza mengi pale kuliko kwenye video.

#7 Msee wa Naivasha

Kaka, sisi huku tumezoea Safari Rally. Tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 watu hujaa Kedong na Hell's Gate, vumbi mpaka kwenye chai. Huko kwenu mtu anaweza kutazama bila kulipa? Na anakaa wapi?

#8 Mkazi wa Köln

Karibu sana ndugu yangu wa Naivasha. Siku za wazi kutazama ni bure. Wewe na vumbi lako la Kedong utapapenda, maana roho ya watu ni ile ile: familia, viti vya kukunja, chakula cha kutoka nyumbani.

Brünnchen ni rahisi kuliko zote, kuna maegesho na mteremko wa majani unaoona kona mbili kwa pamoja. Adenauer Forst nimeshaitaja. Breidscheid iko karibu na Adenau, unaweza kufika kwa miguu kutoka mjini. Karussell inataka kutembea msituni, vaa viatu vya maana, Eifel kuna matope hata kiangazi.

Utaona pia lami imejaa maandishi ya rangi, majina ya watu na ya timu, mashabiki wanayaandika wakati wa mbio za saa 24. Wakati huo msitu mzima unakuwa kambi, watu wanapiga hema siku kadhaa kabla, wanachoma nyama usiku kucha huku magari yakipita na taa.

Kaa nyuma ya uzio, sehemu zilizoruhusiwa. Machi 2015 gari la mbio lilinyanyuka Flugplatz, likaruka uzio, mtazamaji akafariki. Baada ya hapo walisawazisha matuta ya sehemu ile. Ukiona bango la kukataza, hiyo ndiyo sababu yake.

#9 Binti wa Tanga

Kaka asante kwa uzi. Mume wangu ndiye mgonjwa wa magari, tuko Ubelgiji, anataka kutupeleka na watoto. Sisi tusiopenda kelele tutafanya nini huko siku nzima? Na chakula, kuna kitu cha kula mtu asiyekula nguruwe?

#10 Mkazi wa Köln

Dada karibu. Upande wa uwanja mpya kuna jengo kubwa lenye makumbusho ya magari, maduka, njia ya vigari vidogo vya mbio (go-kart) vya kukodi, na hoteli inayotazama uwanja. Watoto watafurahi. Hoteli hizo bei yake siku za mbio inapaa, familia nyingi hulala nyumba za wageni za Adenau au vijiji vya jirani, au kwenye uwanja wa kambi.

Ngome ya Nürburg ipandeni. Ni matembezi mafupi, ukiwa juu ya mnara unaona msitu pande zote na unasikia injini bila kuziona. Kwa mtu asiyependa kelele, hapo ndipo pazuri kuliko kote.

Chakula: maegesho ya Nordschleife yana mgahawa, vyoo vipo. Vibanda vinauza soseji na chipsi, na soseji za Ujerumani mara nyingi ni nguruwe, kwa hiyo uliza kabla, au bebeni chakula chenu. Kijijini kuna Pistenklause, mgahawa uliojaa picha na saini za madereva ukutani. Familia ya Sabine Schmitz, dereva wa mbio, ndiyo iliyokuwa na hoteli yenye mgahawa huo, na yeye alikulia hapo. Alishinda mbio za saa 24 mwaka 1996 na 1997, mwanamke wa kwanza kushinda. Alifariki Machi 2021, na kona ya kwanza ya Nordschleife imepewa jina lake. Kama una binti, msimulie habari zake mkiwa pale.

Na kama mume wako hajawahi kufika, mkatie tiketi ya kukaa abiria na dereva wa kazi hiyo kabla hajashika usukani mwenyewe. Mzunguko mmoja pembeni ya mtu anayeijua njia unamwonyesha kiasi gani haijui.

#11 Mpita Njia

Mbona nilisikia ule uwanja ulifilisika?

#12 Mkazi wa Köln

Ulifilisika kweli. Serikali ya jimbo la Rhineland-Palatinate ilijenga yale majengo makubwa yaliyofunguliwa mwaka 2009, gharama ikapita euro milioni 300, hesabu za watalii hazikutimia. Waziri wa fedha wa jimbo, Ingolf Deubel, alijiuzulu mwaka huo huo. Mwaka 2012 kampuni ya uwanja ikaomba ufilisi, mwaka 2014 ukauzwa kwa wawekezaji binafsi. Walijenga hata treni ya kuburudisha ya mwendo kasi pembeni ya jukwaa, ikabeba wageni siku nne tu mwaka 2013 na ikafungwa. Inaniuma, kwa sababu pesa za umma zilimwagwa kwenye vitu ambavyo hakuna aliyevifuata pale. Watu wanafuata barabara iliyochongwa na vibarua wa miaka ya 1920, na hiyo haijawahi kukosa wageni.

Ila majengo yale yalifaa siku moja. Julai 2021 mafuriko yalipolivamia bonde la Ahr, karibu kabisa na hapo, uwanja uligeuzwa kambi ya waokoaji na kituo cha kupokea misaada. Wengi tuliopo maeneo haya tulipeleka nguo na vyombo.

#13 Kijana wa Subaru

Mkuu nitakuja Ujerumani mwakani kumtembelea dada, nikipata viza. Leseni yangu ya Bongo itakubalika? Na niende mwezi gani?

#14 Mkazi wa Köln

Kama mgeni wa muda mfupi unaendesha kwa leseni ya nyumbani, ila beba na leseni ya kimataifa ya udereva, uitafute kabla ya safari. Kampuni za kukodisha pale Nürburg zina masharti yao ya umri na miaka ya uzoefu, waandikie mapema uwaulize. Na kumbuka huku tunaendesha kulia, usukani uko kushoto. Zungukazunguka kwanza siku mbili tatu barabara za kawaida na gari la dada, mkono wako wa kulia uzoee gia.

Msimu ni Machi hadi Novemba hivi. Katikati ya wiki mchana viwanda vinajaribu magari yao, njia inafunguliwa kwa wananchi jioni baadhi ya siku. Wikendi wanafungua mchana kutwa lakini kunajaa, na Jumapili ya jua ndiyo siku mbaya kuliko zote kwa mtu mgeni. Chagua jioni ya katikati ya wiki, Mei au Septemba. Fika mchana, kaa Brünnchen uangalie, ukirudi maegesho mtafute mzee yeyote anayepima tairi zake umwambie ni mara yako ya kwanza. Watakuelekeza bila choyo. Ukishapata tarehe niandikie inbox, nikiwa na nafasi nitakuja tuzunguke wote, mzunguko wa kwanza wewe ukae abiria.